Kile kiplastiki cha juu ya kamera: kava ya hotishu ina kazi gani, na ukipoteza ununue gani?

Ukikaa na wapiga picha wa hapa Mombasa, wale wa harusi, wale wa bichi ya Pirates, wale wanaongoja watalii pale Fort Jesus, kuna swali haliishi. Mtu kapoteza kile kiplastiki cheusi kinachokaa juu ya kamera, mahali pa kuingiza flashi, sasa anauliza kamera itaharibika ama vipi. Na majibu ni kila mtu na lake. Mmoja yuwasema ni urembo tu, tupa huko. Mwengine aapa kwamba bila hicho maji yaingia moja kwa moja mpaka ndani. Wa tatu anauza kava za chuma zinang'aa na akuhakikishia zaingia kamera yoyote ile duniani. Wote watatu wana kipande kidogo cha ukweli, na ndio maana watu wanazidi kuchanganyikiwa manake kila mmoja ukimsikiza unaona ana pointi.

Basi tuanze mwanzo. Hotishu ni ile reli ya chuma juu ya kamera, iko na midomo miwili ya kukunja kwa pande mbili, na katikati kuna kiduara kidogo cha dhahabu dhahabu hivi, na pembeni yake huwa kuna vidoti vengine. Flashi inateleza kutokea nyuma ya kamera kwenda mbele kwa upande wa lensi, inakamatwa na ile midomo, na mguu wake unagusa vile vidoti. Kava ya hotishu ndio kile kiplastiki kinachoteleza mahali hapo hapo wakati flashi haipo. Hakina umeme, hakina waya, hakina programu. Ni kifuniko tu.

Sasa kile kiduara cha katikati kinafanya nini? Fikiria swichi ya taa ukutani nyumbani kwako. Swichi haitengenezi umeme, inaunganisha nyaya mbili tu, taa inawaka. Kamera inafanya vivo hivo: ukibonyeza shata, ndani yake inaunganisha kile kiduara cha katikati na ile reli ya chuma, flashi inaona zimeungana, inapiga mwanga. Vile vidoti vengine vya pembeni ndio vinabeba mazungumzo, yani kamera kuiambia flashi mwanga uwe kiasi gani, lensi imevutwa kiasi gani, na kadhalika. Kila kampuni imevipanga kivyake, ndio maana flashi ya Canon ukiiweka kwa Nikon inaweza kuwaka kwa ile pini ya katikati lakini hayo mazungumzo mengine hayaelewani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Umbo la ile reli halikubuniwa na Canon wala Nikon, kuna kipimo cha kimataifa kinaitwa ISO 518 kinachosema reli iwe na upana gani na kina gani. Upana wa ndani ni milimita 18 na ushei, na mguu unaoingia chini ya ile midomo unene wake ni kama milimita 2. Kwa hivyo kava nyingi kweli zinaingia kamera nyingi, yule muuzaji hadanganyi sana. Tatizo ni lile neno lake "yoyote", na tatizo jengine ni kwamba kuingia si kufaa.

Chukua Sony. Sony walinunua biashara ya kamera ya Konica Minolta 2006, wakarithi hotishu ya Minolta ambayo ilikuwa na umbo lake peke yake tangu 1988, haina zile reli mbili za kawaida kabisa. Kamera za Sony Alpha za wakati huo, mpaka karibu 2012, ziko na hio hotishu, na ukileta kava ya kawaida haiendi popote. Kuna watu bado wanazo hizo kamera, unawaona wanasukuma kava kwa nguvu wakidhani ni chafu. Si chafu kaka, ni kitu chengine. Kutoka 2012 Sony wakarudi kwa reli ya kawaida lakini wakaficha kwa mbele, chini ya ule ukingo wa upande wa lensi, safu ya pini ndogo ndogo zaidi ya 20. Wao wanaiita Multi Interface Shoe. Hio ndio iko kwa a6000, kwa a7 zote, kwa ZV-E10. Ukiitazama kutoka juu haraka haraka utaapa ni hotishu ya kawaida. Inamisha kamera, washa tochi ya simu, chungulia ndani kutokea nyuma, ndio utaona kimeno cheusi na vile vijistari vya dhahabu vimepangana. Kava ya Nikon ya kopi itateleza vizuri tu kwa reli hizo, lakini haikutengenezwa ikijua kuna pini pale mbele, kwa hivyo ama itaacha pini wazi ama ncha yake itakuwa inazigonga kila ukiingiza. Kava ya Sony yenyewe ni FA-SHC1M, na kopi zake ziko tele, muhimu uone imeandikwa ni ya hotishu hio.

Canon nao wakafuata njia hio 2021 na EOS R3. Hotishu yao mpya ina pini nyingi pale mbele vilevile, na inapitisha umeme wa kuendesha vifaa kama maiki, si alama ya flashi pekee. Baadaye ikaingia R7, R10, R6 Mark II, R8, R50. Lakini R5 na R6 zile za kwanza za 2020 ziko na hotishu ya kawaida, kwa hivyo jina la R peke yake halikuambii kitu. Hapa sasa kava inapanda cheo: kwa kamera za Canon zenye hotishu hio mpya, kampuni yenyewe inataka kava iwepo ili kamera iendelee kuzuia vumbi na matone. Kwa hizo, yule aliyesema ati ni urembo tu amekosea wazi wazi. Kwa kamera za kawaida, kama Canon 80D yako au Nikon D750, hotishu iliwekwa ikijulikana itakuwa wazi, kukosa kava hakufungui mlango wowote wa maji kuingia ndani.

Nikon ndio rahisi kuliko wote. Kava yao inaitwa BS-1, imetumika kwa kamera zao nyingi sana za D na pia za Z, na ukisema BS-1 dukani mtu anaejua kamera atakuelewa. Fujifilm za X-T zinakuja na kava boksini. Canon za zamani zile za kioo ndani (DSLR) nyingi hazikuja na kava yoyote, kwa hivyo kama umenunua Canon ya mtumba na umeikuta reli iko wazi, usimlaumu mwenye kuuza ati ameiba kava. Haikuwepo.

Sasa tuje kwa lile swali la pwani, manake mtu wa Nairobi anaweza kuishi na hotishu wazi miaka kumi asione kitu. Sisi ni habari nyengine. Upepo wa hapa, kusi ama kaskazi, unabeba chumvi, na chumvi haihitaji maji ya kumwagika ili ifanye kazi yake, inavuta unyevu yenyewe kutoka hewani. Ukisimama Mama Ngina na kamera jioni moja, hakuna mtu amekumwagia maji, lakini ukipitisha kidole kwa lensi unahisi utando. Utando huo huo uko kwa hotishu. Vidoti vingi vimepakwa dhahabu nyembamba kwa juu na dhahabu haipati kutu, lakini kila ukiingiza na kutoa flashi unaikwaruza kidogo, siku moja shaba ya chini inatokea, na shaba na chumvi ni maadui. Ndio ule ukungu wa kijani. Alafu kuna skurubu. Kwa kamera nyingi ukiondoa kile kibati chembamba cha springi kilicholala kwenye reli utakuta skurubu nne ndogo zimeshikilia hotishu nzima, na kwa kamera zilizoishi bichi utaona mduara wa rangi ya chai kuzunguka kila kichwa cha skurubu. Hio ni kutu inaanza. Kava haiizuii kabisa, ila inapunguza sana kinachotua pale.

Lakini kuna upande wa pili na huu watu hawauzungumzi. Kava hio hio inaweza kufungia chumvi ndani. Umepiga picha baharini, kamera imerushiwa rushiwa maji, umeifuta kwa juu ukaridhika, ukaiweka kwa begi na kava yake. Chini ya kava kuna unyevu wa chumvi, hauna pa kwenda, unakaa hapo wiki nzima ukila. Hapo bora ungekuwa huna kava. Kwa hivyo mtu wa bichi akirudi nyumbani anatakiwa avue kava, afute reli kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi kidogo tu na kukamuliwa sana, akaushe, aiache wazi usiku kucha mahali pakavu, ndio airudishe. Kama kuna ukungu tayari, zima kamera, toa betri, tumia pamba ya masikio na ile spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme. Pamba iwe na unyevu tu, isichuruzike. Na tafadhali, ndimu na chumvi ni ya kung'arishia sinia za shaba za bibi, si ya hotishu. Asidi ya ndimu itaondoa ukungu kweli, unafurahi siku mbili, alafu inabaki kwenye nyufa inaendelea kula. Mafuta ya kulainishia bawaba za mlango pia hapana, yanakusanya vumbi na kutambaa ndani.

Kuna na hili la umeme. Watu wanaogopa ati bila kava, ukigusa zile pini na mkono wa jasho utapigwa shoti, ama kamera itaungua. Hakuna umeme wa kukudhuru pale. Hata kitu cha chuma kikiunganisha ile pini ya katikati na reli, umefanya kile ambacho kamera yenyewe hufanya kila ikitaka flashi iwake, ni swichi tu imeguswa. Kwa hotishu mpya za Sony na Canon zenye pini nyingi na umeme wa kuendesha vifaa, hapo nakubali chuma kisichohusika kisiingie karibu, manake huwezi kujua kimegusa pini gani na gani. Hatari ya kweli ya umeme kwa hotishu inatoka upande mwengine kabisa: flashi za kale za wakati wa filamu. Baadhi yake zinaleta zaidi ya volti 200 pale kwenye mguu, wakati kipimo cha kimataifa cha siku hizi ni volti 24. Kamera nyengine za kidijitali zinavumilia volti nyingi, nyengine zinakufa sakiti. Kama umeokota flashi ya mzee kabatini, ipime na mita kwanza. Kava haina la kusaidia hapo.

Na kuna uzushi mmoja umewagharimu watu pesa kwa fundi. Mtu ana Canon 250D ama 4000D, ananunua triga ya bei nafuu ya kuwashia taa za studio, anaweka, haiwaki. Anaambiwa hotishu imeingia chumvi kwa sababu alipoteza kava. Anasafishiwa, analipa, bado haiwaki. Itazame hio hotishu kwa makini: kile kiduara cha katikati hakipo! Canon walikiondoa kwa 4000D ya 2018, kwa 250D ya 2019, na kwa baadhi ya 2000D. Hakikuliwa na chumvi, hakikuwekwa. Flashi za Canon zenyewe zinafanya kazi kupitia vidoti vengine lakini vile vifaa vya bei nafuu vinavyotegemea pini ya katikati havina pa kushika. R50 nayo ina lake, flashi za Canon za kawaida hazifanyi kazi mpaka uwe na kiunganishi cha AD-E1. Yote haya hayana uhusiano wowote na kava, lakini kava ndio inalaumiwa kwa sababu ndio kitu mtu anakumbuka amekipoteza.

Haya, sasa kuchagua. Jambo la kwanza tushalisema, jua hotishu yako ni ya aina gani kabla hujauliza bei. Jambo la pili ndio linalowanasa wengi, na ni swichi iliyojificha.

Kamera nyingi zenye flashi ya ndani, ile inayochomoza juu yenyewe, ziko na kijiswichi kidogo sana ndani ya mdomo mmoja wa reli, mara nyingi wa kulia. Kazi yake ni kuhisi kama umeweka flashi ya nje, ili ile ya ndani isichomoze ikagonga. Mguu wa flashi ukiingia unakibonyeza, kamera inajua. Sasa ukiweka kava ambayo ina mguu mpana kote bila kukatwa pale upande wa swichi, kamera inadhani umeweka flashi. Flashi ya ndani inakataa kutoka. Unabonyeza, kimya. Unaona kwenye skrini imeandika kuna flashi ya nje. Watu wamepeleka kamera kwa fundi kwa ajili hio, na ugonjwa wote ni kiplastiki cha kopi. Kava nzuri ukiigeuza chini utaona upande mmoja umekatwa ama umepunguzwa, si makosa ya kiwanda, ni makusudi. Wahalifu wakubwa ni zile kava zenye kipovu cha kupimia kama kamera iko sawa na upeo, zile zenye maji ya kijani ndani. Ni nzuri kwa picha za majengo, mimi binafsi napenda ukiwa Mji wa Kale unapiga zile balkoni za mbao na hutaki mistari ilale, lakini nyingi zake zina mguu kamili kama wa flashi. Kwa kamera isiyo na flashi ya ndani, hakuna shida, weka. Kwa kamera yenye flashi ya ndani, jaribu kwanza. Na kama kijiswichi chenyewe kimekwama kwa mchanga, dalili ni hizo hizo, kwa hivyo vua kava uone kama tatizo linaondoka kabla hujaanza kulaumu mtu.

Kitu cha tatu ni kukaza. Kumbuka kile kibati cha springi. Hicho ndio kinakamata mguu wa flashi usicheze. Kava nene kupita kiasi inakikunja, na kikishakunjika flashi inakuwa inatikisika, vidoti vinagusa na kuachia, unapiga picha kumi tatu zinatoka giza. Mtu ashapoteza picha za bibi harusi akitoka kwa njia hio. Kava legevu nayo haina maana, itaanguka kwa tuktuk kabla hujafika Nyali. Kipimo changu ni cha mkono tu: iingie kwa msukumo wa dole gumba bila kutumia nguvu ya bega, ukigeuza kamera kichwa chini na kuitikisa isidondoke, na kuitoa usihitaji kucha wala bisibisi. Ikigoma mwanzoni usilazimishe, geuza, manake nyengine zina mbele na nyuma.

Plastiki ama chuma? Plastiki. Najua zile za shaba na alumini zinapendeza, ziko na nembo, nyengine zina umbo la paka. Lakini chuma juu ya chuma kinakwaruza, na palipokwaruzwa ndipo chumvi inaanzia. Pia ni ngumu, kamera ikigongwa hapo juu kava ya plastiki inavunjika yenyewe na kuokoa reli, ya chuma inapitisha kishindo kizima mpaka kwa zile skurubu nne. Kwa Sony na Canon zenye pini za mbele nisingeweka chuma kabisa. Zile za kumpumzishia dole gumba, ambazo zinaingia kwa hotishu alafu zinakunjika kwa nyuma, ni starehe kweli ukishika kamera ndogo siku nzima, ila angalia isizibe vitufe vya nyuma, na ukitaka kuweka flashi lazima uitoe kwanza, kwa hivyo mtu wa harusi atachoka nayo mapema.

Plastiki nazo si sawa zote. Ile ngumu isiyopinda ukiibonyeza ndio nzuri. Zile laini za mpira zinanata baada ya muda kwa joto letu, unaivua inaacha utando mweusi. Zile zinazochapishwa kwa mashine ya 3D ziko siku hizi, vijana wanatengeneza na zinatoshea vizuri sana kwa sababu unaweza kumpa kamera akapima, lakini muulize ametumia plastiki gani. Nyingi ni PLA, na PLA inaanza kulegea karibu na digrii 60. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Moi Avenue saa saba mchana inafika huko bila tabu. Kava ikilegea ndani ya reli na ikapoa ikiwa imejipinda, kuitoa ni kazi.

Na tepu? Tepu nyeusi ya fundi wa umeme ndio suluhisho la kwanza la kila mtu, na kwa siku moja ya vumbi ni sawa kabisa. Usiiache. Gundi yake kwa joto inayeyuka, inashuka kwa vidoti, na gundi kwenye vidoti ni mbaya kuliko vumbi ulilokuwa unalikimbia.

Je, ni lazima kununua ile ya kampuni? Hapa nina msimamo wangu. Kwa hotishu ya kawaida, sioni sababu. Kopi nzuri yenye upande uliokatwa kwa swichi inafanya kazi ile ile, na bei yake haifiki hata memori kadi ya bei rahisi. Nunua kadhaa kwa mpigo manake utapoteza, hii ni lazima, kila mtu anayetumia maiki ama flashi anavua kava anaitia mfuko wa shati na hapo ndio mwisho wake. Kwa Sony mpya ukiweza chukua ya Sony, ama kopi ambayo umeiona kwa macho ikikaa vizuri pale mbele. Kwa Canon zenye hotishu mpya sitakushauri kopi kama wewe ni mtu wa mvua na bahari, kwa sababu pale kava ni sehemu ya kinga ya kamera, na kopi inaweza kufanana kwa juu na isizibe kitu kwa chini. Na hata ya kampuni haikugeuzi kamera kuwa ya kuogelea. Kuzuia matone ni kuzuia matone.

Dukani usiulize tu, "Ami, una kava ya hotishu?" Atakwambia iko, na atakupa ya kwanza kushika. Sema kamera yako kwa jina kamili na namba, Nikon D5600, Sony a6400, Canon R10, na ubebe kamera yenyewe. Geuza kava uone chini kabla hujaona juu, kwa juu zote ni nyeusi. Iingize mwenyewe usimwache muuzaji akuonyeshe kwa nguvu, washa kamera, na kama kamera ina flashi ya ndani ichomoze hapo hapo kwenye kaunta huku kava iko mahali pake. Ikichomoza na kuwaka, lipa. Ikikataa, mrudishie umwombe nyengine, hata kama yuwakwambia ni kamera ndio mbovu. Ukinunua mtandaoni tafuta picha ya upande wa chini, na kama muuzaji hana picha hio wala hataki kuipiga, tafuta mwengine.